Maneno ya Dirishani

Mama mkubwa huweka dawa zake kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, mbali na mikono ya wajukuu. Anaishi Muheza, ameshavuka miaka sabini na mitano, na hajui kusoma. Mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, yeye alikuwa msichana mwenye mtoto mgongoni. Darasa la jioni alilihudhuria majuma machache, akashika herufi za jina lake, kisha shamba na uzazi vikamrudisha nyumbani. Jina lake analiandika mpaka leo. Bahasha ya dawa haisomi.

Kwa miaka kadhaa hilo halikumsumbua, kwa sababu alikuwa na njia yake ya kusoma. Kidonge kidogo cha manjano kilikuwa cha presha, kimoja kila asubuhi. Cheupe kilikuwa cha sukari, asubuhi na jioni akishakula. Rangi ndiyo iliyokuwa maandishi yake, na hakuwahi kukosea. Kisha siku moja dirisha la dawa likampa dawa ya presha iliyotoka kiwanda kingine. Jina lilikuwa lilelile na nguvu ileile, ila safari hii kidonge kilikuwa cheupe. Mjukuu aliyemsindikiza anasema mtoa dawa alimweleza vizuri kabisa: "Mama, hiki kimoja asubuhi, hiki asubuhi na jioni, usivichanganye." Akajibu, "Nimesikia, mwanangu." Na kweli alikuwa amesikia. Akatoka na bahasha mbili za karatasi, moja imeandikwa 1x1 na nyingine 1x2, akapanda gari, akapita sokoni, akafika nyumbani jioni. Maneno yalikuwa yamebaki dirishani.

Miezi miwili baadaye nilimkuta vifundo vya miguu vimevimba na sukari iko juu. Alikuwa anameza cha presha mara mbili na cha sukari mara moja. Dawa yake ya presha ni amlodipine, ambayo kuvimbisha miguu ni tabia yake inayojulikana, hasa dozi inapopanda. Tukamwaga kopo kitandani, tukatenganisha kidonge kimoja kimoja, na tangu siku ile sijaacha kuwaza juu ya yale maneno yaliyobaki dirishani.

Dawa ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kidonge chenyewe, ambacho kimepimwa, kimefungwa, kikasafirishwa na kukaguliwa. Nchi nyingi zina mamlaka nzima inayokilinda. Ya pili ni maneno: kiasi gani, lini, pamoja na nini, kwa siku ngapi, na nifanye nini nikijisikia vibaya. Sehemu hii ya pili hutamkwa mara moja, kwa haraka, kupitia tundu la kioo, kwa mtu anayeumwa au anayemhofia mtoto wake mgonjwa, na nyuma yake kuna foleni. Kinachobaki ni ile alama ya kalamu juu ya bahasha.

Na tuitazame hiyo alama. Yeyote aliyekulia Tanzania ameshaiona 2x3. Mtoa dawa anaisoma "vidonge viwili kutwa mara tatu". Kwake ni lugha. Kwa asiyefundishwa, ni hesabu ya darasa la pili, na jibu lake ni sita. Wapo wanaoielewa kuwa mbili kila siku kwa siku tatu, na wapo wanaomeza vyote sita ili wasisumbuke. Hata "kutwa mara tatu" si nyepesi kama tunavyodhani. Kutwa, kwa Kiswahili cha nyumbani, ni tangu asubuhi hadi jua linapozama. Usiku una neno lake, kucha. Mtu akiambiwa ameze mara tatu kutwa, ana haki ya kumeza asubuhi, mchana na alasiri, kisha akalala saa kumi na nne bila dawa mwilini.

Hili si tatizo la wasiosoma peke yao. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Terry Davis na Michael Wolf walichapisha uchunguzi waliofanya kwa wagonjwa 395 katika zahanati za Shreveport, Jackson na Chicago. Walimwonyesha mgonjwa kibandiko kilichosema ameze vidonge viwili mara mbili kwa siku. Kati ya wale wenye uwezo mdogo wa kusoma, 71 katika kila 100 waliweza kukariri maelekezo hayo sawasawa. Walipoombwa kuonyesha idadi ya vidonge vya siku nzima, waliopata ni 35 tu. Nimeurudia mara nyingi uchunguzi huo, kwa sababu unavunja imani yetu kwamba mtu akiweza kurudia ulichomwambia basi ameelewa. Mama mkubwa naye alijibu. "Nimesikia, mwanangu."

Ndipo linapokuja wazo la kuweka sauti kwenye bahasha ya dawa, nalo ni rahisi kulieleza. Kwenye bahasha panabandikwa mchoro wa mraba wenye visanduku vyeusi na vyeupe, msimbo wa QR. Mgonjwa akifika nyumbani anaelekeza kamera ya simu, na sauti inamwambia kwa lugha yake yale yaliyosemwa dirishani. Asipoelewa, anairudia. Jirani anaisikia, mtoto wa darasa la nne anaisikia, bibi asiyeona anaisikia. Mchoro wenyewe si mgeni kwetu. Kwenye kaunta za maduka mengi ya dawa mjini tayari kuna stika ya TANQR ya kulipia. Mgonjwa ameshazoea kuelekeza simu ili fedha itoke. Kinachopendekezwa hapa ni simu ileile imletee maneno aliyoyalipia.

Msimbo huo ulizaliwa kiwandani. Mwaka 1994, Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso nchini Japani walikuwa wanatafuta njia ya kufuatilia vipuri vya magari. Ile misimbo ya mistari tunayoiona kwenye sabuni na biskuti ilibeba herufi kama ishirini tu, na mfanyakazi alilazimika kuskani kadhaa kwa boksi moja. Hara amesimulia kwamba mchezo wa Go, wenye kete nyeusi na nyeupe juu ya ubao wa miraba, ndio uliompa wazo. Ile miraba mitatu mikubwa ya pembeni huiambia kamera mchoro umelalia upande gani, hata ukiwa umepinduliwa. Kampuni ilichukua hataza lakini ikaacha watu wautumie bila kulipa. Kuna sifa moja niipendayo zaidi kwa ajili ya bahasha ya dawa: mchoro unaweza kuchapwa kwa namna ya kujirekebisha, kiasi kwamba hata asilimia 30 ya taarifa zake ikiharibika bado unasomeka. Bahasha inayokunjwa mara nne na kufungwa kwenye pindo la khanga inauhitaji uvumilivu huo.

Sasa ugumu. Msimbo mkubwa kuliko yote, wenye visanduku 177 kwa 177, unabeba baiti 2,953. Sauti ya sekunde arobaini, hata ikibanwa mpaka ianze kukwaruza, inahitaji baiti kama elfu thelathini. Haiingii. Kwa hiyo misimbo mingi inayoitwa ya sauti haina sauti ndani yake. Ina anwani ya intaneti tu, na sauti inakaa mbali. Bando likiisha, bahasha inakuwa bubu. Mtandao ukikatika, au aliyeihifadhi ile sauti akaacha kulipia nafasi yake, bahasha zote alizowahi kubandika zinakuwa bubu siku moja.

Wajapani wenyewe walipita njia nyingine, na nadhani tuitazame kwa makini. Wana msimbo uitwao Uni-Voice uliotengenezwa kwa ajili ya wasioona, unaowekwa kwenye nyaraka za umma kama barua za pensheni. Ndani yake hamna sauti wala anwani. Mna maandishi, kiasi cha herufi 800 za Kijapani, na simu inayasoma kwa sauti bila kuhitaji intaneti. Ukingo wa karatasi, karibu na msimbo, hukatwa kishimo kidogo cha nusu duara ili kidole cha asiyeona kiiambie kamera ielekee wapi. Kile kishimo kilinigusa. Mtu aliyekibuni alijiuliza swali ambalo wengi hulisahau: asiyeona atajuaje kuwa msimbo uko hapa? Ulaya walijiuliza swali linalofanana na hilo mapema. Tangu agizo la mwaka 2004, jina la dawa linapaswa kuwa kwenye boksi kwa nukta nundu. Sisi, ambao vidonge vyetu mara nyingi huhesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa kwenye bahasha tupu, hatuna hata boksi la kuchapia nukta hizo.

Kiswahili kina bahati moja katika hesabu hii. Tunaandika kwa herufi za kawaida zisizo na alama juu, kila herufi baiti moja. Maneno sitini ya maelekezo ni herufi kama mia nne. Yanaingia kwenye msimbo wa ukubwa wa stempu kubwa, na simu janja nyingi zinaweza kusoma Kiswahili kwa sauti. Sauti ya mashine ni kavu, sikatai. Inasoma kila kitu kwa uzito mmoja, na ikikutana na 2x3 haijui la kufanya nayo. Ndiyo maana nasema teknolojia ni sehemu nyepesi ya jambo hili. Kazi nzito iko kwenye kuandika hayo maneno.

Nimejaribu kuyaandika, nikakutana na saa.

Saa zetu za mchana huhesabiwa tangu jua linapochomoza. Karatasi ya kiwandani, inayohesabu tangu saa sita usiku, huandika 8 ikimaanisha saa mbili asubuhi. Anayesoma kwa Kiswahili anaona nane, na saa nane ni mchana baada ya chakula. Hapo ni kutafsiri tu, na mtafsiri makini atalitatua. Tatizo kubwa zaidi limejificha kwenye lugha yetu wenyewe. Neno saa ni kifaa, ni wakati, na ni muda. Dozi ya pili ya dawa mseto ya malaria humezwa zikipita saa nane tangu ile ya kwanza. Mtu mzima amemeza dozi ya kwanza saa nne asubuhi, akaambiwa "meza tena baada ya saa nane." Mmoja atahesabu muda, atameza saa kumi na mbili jioni, na yuko sahihi. Mwingine atasubiri saa nane ya mchana ipite, atameza saa nane na nusu, yaani zaidi kidogo ya nusu ya muda uliotakiwa. Wa tatu atalala nazo mpaka saa nane ya usiku. Wote watatu wamesikia Kiswahili fasaha.

Shuleni mwalimu alinikata alama kwa kuandika "masaa". Saa haina wingi mwingine, alisema, na kwenye maandishi bado namtii. Lakini ukikaa dirishani utasikia watu wakisema "baada ya masaa manane" na "subiri lisaa limoja", na ukisikiliza vizuri utagundua wanafanya kazi ambayo sarufi imekataa kuwafanyia. Masaa ni muda; saa ni wakati. Lisaa limoja ni urefu wa kungoja, saa moja ni asubuhi au jioni. Watu walihitaji tofauti hiyo, wakaiunda. Kwenye kitabu nitaendelea kuandika saa. Kwenye sauti ya dawa nitasema masaa, na nitalisimamia neno hilo mbele ya mwalimu yeyote.

Njia salama zaidi, niligundua, ni kuikwepa hesabu kabisa na kumtajia mtu siku yake mwenyewe. Dawa mseto ya artemether na lumefantrine, ambayo Tanzania iliiingiza kwenye matibabu mwaka 2006, ina pakiti nne kwa uzito wa mgonjwa: kidonge kimoja kimoja kwa mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15, viwili viwili, vitatu vitatu, na vinne vinne kwa mwenye kilo 35 na kuendelea. Watengenezaji walijitahidi, pakiti nyingi zina picha za jua na mwezi ili asiyesoma ajue asubuhi na usiku. Maneno ya mtu mzima niliyoyafikia baada ya kuyafuta mara nyingi ni haya:

"Hii ni dawa mseto ya malaria, ya mtu mzima. Vidonge ni ishirini na vinne, utavimaliza kwa siku tatu. Kula kwanza, chakula chenye mafuta au maziwa kidogo, kisha meza vinne sasa. Yakipita masaa manane, meza vinne tena. Kama umemeza saa nne asubuhi, utarudia jua linapozama. Kesho vinne asubuhi, vinne usiku. Keshokutwa vinne asubuhi, vinne usiku. Hapo vimekwisha. Ukitapika kabla ya lisaa limoja kupita, meza vinne vingine, uje tukupe vya kufidia. Ukipata nafuu kesho, usiache, malizia. Ukizidiwa, usingoje dozi iishe, nenda hospitali."

Isome kwa sauti. Ni chini ya dakika moja. Neno "mafuta" lilinichukua siku nzima, kwa sababu lumefantrine hufyonzwa vizuri palipo na mafuta, lakini mtu mwenye homa hana hamu ya chakula, na nyumba nyingine haina mafuta wala maziwa siku hiyo. Nilikuwa nimeandika "baada ya mlo kamili", nikalifuta, kwa kuwa mgonjwa asiye na mlo kamili angengoja mlo badala ya kumeza dawa.

Kila dawa ina mtego wake wa namna hiyo, na mitego mingi iko jikoni. Kijiko cha chai cha mililita 5 kinachotajwa kwenye chupa si kijiko unachokorogea chai. Vijiko vya nyumbani havilingani. Dawa ya maji ya mtoto inayokuja kama unga huongezwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama, hutikiswa, na baada ya siku zilizoandikwa kwenye chupa humwagwa hata ikibaki nusu. Hilo la kumwaga linauma, maana imenunuliwa. Amoksilini ya watoto ya kuyeyusha, ambayo leo ndiyo dawa ya kwanza ya nimonia kwa mtoto mdogo, hutiwa kwenye maji kidogo ikasambaratika yenyewe. Mama asipoambiwa ataisaga kwa jiwe, kwa sababu ndivyo tulivyofanya na vidonge vyote. Zinki ya mtoto anayeharisha hutolewa kwa siku kumi hadi kumi na nne, ilhali kuhara kunaweza kukoma siku ya tatu, na mama mwenye akili timamu anajiuliza kwa nini aendelee kumpa dawa mtoto mzima. Sauti inapaswa kumjibu: zinki inamlinda asiharishe tena miezi ijayo. Agizo bila sababu halivuki siku ya tatu.

Nani aiseme sauti hiyo? Hapa nina msimamo. Msimbo usichapwe kiwandani peke yake. Dawa moja hutibu magonjwa zaidi ya moja kwa dozi tofauti, na kiwanda cha Mumbai hakijui kilo za mtoto wa Songea. Maneno ya mwisho ni ya aliyekutazama usoni na kukuhesabia vidonge. Yeye ndiye achague msimbo unaolingana na cheti chako kutoka kwenye karatasi ya stika alizonazo, aubandike mbele yako, na auskani usikie sekunde za mwanzo kabla hujaondoka.

Wengi wetu hatuanzii hospitali. Tunaanzia Duka la Dawa Muhimu, aina ya duka iliyoanza Ruvuma mwaka 2003 pale serikali ilipoamua kuyainua yaliyokuwa maduka ya dawa baridi kwa kuwafunza wauzaji na kuwapa kibali cha dawa zaidi. Muuzaji wa duka hilo tunamwita dokta, na tunamuuliza maswali ya dokta. Sauti zilizoandaliwa na wafamasia zingemsaidia yeye pia, maana naye angezisikia mara kumi kwa siku mpaka zimwingie. Hofu yangu iko upande wa pili: kwamba foleni ikirefuka atasukuma bahasha dirishani na kusema "utaskani nyumbani". Siku hiyo tutakuwa tumempokonya mgonjwa hata yale maneno machache aliyokuwa akiyapata. Sauti ije baada ya mazungumzo.

Kuna dawa ambazo sauti yake inapaswa kuwa na haya. Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi vya ukimwi akiskani bahasha ndani ya daladala, na spika ya simu iko wazi, jina la ugonjwa wake litafika mpaka kwa kondakta. Na bahasha ikiokotwa na mpangaji mwenzake, msimbo utamwambia yeye pia. Kwa dawa hizo sauti iseme "dawa yako ya kila siku, saa ileile, usiruke", na ikome hapo. Vivyo hivyo msimbo usiombe namba ya simu, usikusanye jina, usiweke tangazo la maji ya matunda kabla ya dozi ya mtoto. Mgonjwa anayefungua bahasha hana nguvu ya kujilinda na wafanyabiashara.

Mwenye kitochi naye asiachwe. Chini ya msimbo iandikwe namba fupi. Abipu, mfumo umpigie, asikie maneno yaleyale bila kukatwa salio. Teknolojia ya kufanya hivyo ni ya zamani kuliko simu janja.

Umuhimu wa sauti niliuona wazi zaidi nilipokuwa nasoma sheria ya mbali kabisa. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha mwaka 2019 sheria inayotaka maduka ya dawa yampe mgonjwa asiyejua Kiingereza maelekezo kwa lugha yake pia, nayo ikaanza kutumika Januari 2021. Orodha ina lugha 14, na Kiswahili kimo. Kimefika huko na watu waliokimbia mashariki ya Kongo, wengi wao wakapita kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kupelekwa Marekani. Nilifurahi kuona lugha yangu kwenye orodha hiyo, kisha nikafikiria mama wa Uvira, huko Kongo, anayepewa chupa iliyoandikwa Kiswahili sanifu huko Portland. Kambini alijifunza mengi. Kusoma huenda hakupata. Na hata akisoma, Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa na lugha za nyumbani kwao, na kile cha kibandiko kimetoka Dar es Salaam au kwenye kompyuta. Maandishi hayawezi kumtambua. Sauti, ikiwa imerekodiwa na mwanamke wa Uvira, ingemtambua kwa neno la kwanza.

Hilo nililijua kwa vitendo kwa mama mkubwa. Baada ya ile miguu kuvimba nilikaa na mfamasia, tukaandika maneno ya dawa zake mbili, nikayarekodi kwa simu, nikachapisha misimbo miwili kwenye duka la steshenari. Tulinunua kopo la pili ili presha na sukari zisikae pamoja. Kwenye kopo la presha alifunga uzi mwekundu. Kwenye la sukari hakufunga kitu. Hizo zilikuwa alama zake za kugusa na kuona, na msimbo ukawa pembeni ya uzi.

Mjukuu akaelekeza simu. Sauti yangu ikatoka: "Hiki ni kidonge cha presha. Meza kimoja kila siku asubuhi." Mama mkubwa akasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kisha akanigeukia.

"Mbona unaniamuru bila salamu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepima urefu wa sekunde, nikahakikisha saa, nikaepuka kila neno lenye maana mbili, na nikasahau kwamba naongea na mama yangu. Jioni ile nilirekodi upya barazani. Asubuhi yake mjukuu akaskani kopo lisilo na uzi.

"Shikamoo mama," sauti ikasema.

"Marahaba," akajibu, akalivuta kopo karibu.

"Hiki ni cha sukari. Umeshakula?"

"Bado," akasema, akainuka kwenda jikoni.